Gramu Kumi na Nne

Boksi lilikuja likinuka sangara.
Kiwanda kililikataa kwa sababu ya pembe moja iliyovunjika;
nililipata kwa mia tano, nikalisugua kwa limau na majivu,
lakini hadi leo, jua likimpata vizuri mgongoni,
ndege wangu hunuka mwalo wa Kirumba saa saba mchana.

Waya wa pasi iliyokufa, betri ya bodaboda:
ukishika wekundu, foamu hukatika kimya,
kama mtu aliyekubali kosa.
Uti wa bawa ni vijiti vitatu vya mishikaki
tulivyookota (tulivyonunua, anasema Mashauri, usituaibishe).
Fimbo za usukani ni spoku za Phoenix ya marehemu babu.
Pembe zake nimezichonga kwenye kadi ya benki:
akaunti ilifungwa, kadi imepata kazi.
Mota peke yake ndiyo mpya.
Ilisafiri kwa basi kutoka Dar, ndani ya soksi.

Mzani unaosema kweli hadi gramu
uko kwa Mama Nyanjige, mnunuzi wa mabondo.
Akamlaza ndege palipokuwa pamelala bondo,
akasoma: mia nne thelathini na moja.
"Bei?" akauliza, kwa mazoea.
Kisha akainua bondo moja kavu, rangi ya chai hafifu:
"Hili ndilo humtuliza sangara majini,
asizame, asielee. Wako analo?"
Nikacheka. Sikuwa na jibu.

Luchelele, saa kumi na mbili na robo,
kabla upepo wa ziwa haujanawa uso.
Mashauri akamrusha.
Akainua pua, akaizidi kuinua,
kama mtu aliyesikia harufu ya chakula cha jirani,
akasimama hewani pasipo na pa kusimama,
akashuka kwa mkia.
Gundi. Selotepu. Siku mbili.

Mara ya pili alilalia kushoto hadi kwenye magugumaji.
Nilimfuata maji yakinifika kifuani,
rimoti juu ya kichwa, kichocho moyoni.
Mara ya tatu nilikuwa nimefunga usukani kinyume:
kulia ikawa kushoto,
na mpapai wa mwalimu mkuu ukapoteza jani.
Mashauri, ambaye jina lake halimwachi apumzike,
akashauri: punguza mkia. Ongeza bawa. Funga na kuomba.

Usiku ule nilimweka juu ya ncha za vidole viwili,
theluthi ya bawa kutoka mbele,
mahali wanapopaita kitovu cha uzito.
Akakalia mkia kama kuku anayeatamia.
Nikasogeza betri mbele mpaka ikagonga ukuta.
Bado ameatamia.
Hapo swali la Mama Nyanjige likanirudia.

Mwezi mzima nilikuwa nikimpunguzia,
namkwangua kwa msasa, gramu kwa gramu,
nang'oa hata stika ya jina lake;
kumbe alikuwa anangoja kuongezewa.

Mama akamwaga risasi za nyavu kuukuu,
akazipima mojamoja, uso wa biashara,
huku mimi nimemshika ndege vidoleni.
Tisa. Kumi na moja.
Kwenye kumi na nne akalala sawa,
pua na mkia havidaiani.

Jumapili Mashauri alimrusha bila neno.
Akaenda.
Akapita juu ya mawe, juu ya kanga zilizoanikwa,
juu ya maji yenye rangi ya bati.
Mwewe mmoja akamsogelea, akamkagua ubavuni,
akaona si samaki ingawa ananuka,
akaenda zake.

Bado anavuta kushoto kidogo;
ndivyo rafadha inavyozunguka.
Ningeweza kuinamisha mota nyuzi mbili, yakaisha.
Nimekaza spoku nusu mzunguko, basi.
Kilichobaki, kidole gumba changu
kimeshajifunza kumjibu.

Risasi bado sijazilipa.